Gasketi mbili ndani ya mwezi mmoja: yaliyonikuta na Noah yangu Mwanza

Agosti 2023, saa nane mchana, nilikuwa kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo, magunia ya dagaa yamejaa nyuma ya Noah. Daraja lilikuwa bado linajengwa. Tulikuwa tukiliona likinyooka kidogo kidogo juu ya maji, lakini kuvuka kwenda Busisi ilikuwa mpaka usubiri kivuko. Jua lilikuwa linachoma. Niliacha injini inaunguruma ili kiyoyozi kisizime, maana nilikuwa nimempakia mama mmoja mjamzito kutoka Usagara. Baada ya muda nikaanza kuhisi kiti kinawaka moto. Noah za zamani kama yangu, zile SR40, injini yake iko chini ya viti vya mbele. Kiti kikipata moto usio wa kawaida, ujue huko chini kuna jambo. Mimi nikadhani ni jua. Nilipokuja kutazama geji, mshale ulikuwa umeshagusa H.

Nikazima injini, na hapo nilifanya sawa. Kosa lilikuja dakika kumi baadaye. Kivuko kilikuwa kinakaribia, watu nyuma yangu wameanza kupiga honi, na kijana mmoja akaniletea ndoo ya maji aliyoyachota ziwani. Nikafungua mfuniko wa rejeta kwa khanga niliyoikunja, mvuke ukaruka juu, nikamimina maji yale ya baridi mpaka ndoo ikaisha. Rejeta ikalia kama sufuria kavu iliyotiwa maji ikiwa jikoni. Nikawasha, mshale ukashuka, nikamshukuru Mungu, nikavuka. Dagaa niliuza Geita siku ileile na usiku nikawa nimerudi Kirumba.

Ninaandika haya kwa sababu ndoo ile moja ilinigharimu shilingi 950,000, ukiacha siku ambazo gari lililala na wateja wangu wakachukuliwa na wengine. Katika hizo, 255,000 zilipotea bure kabisa, kwa sababu kazi ya kwanza ilifanywa haraka na mimi mwenyewe niliitaka ifanywe haraka. Mimi si fundi, nauza dagaa. Lakini ile kazi ya pili nilisimama pembeni kuanzia bolti ya kwanza mpaka ya mwisho, na niliyoyaona nataka mwenzangu mwenye gari ayajue kabla hajatoa hela yake.

Kwanza ueleweshwe kilichotokea ndani, kama mimi nilivyokuja kueleweshwa nikiwa nimechelewa. Injini ya Noah yangu ni 3S-FE. Bloki yake, yaani lile tumbo lenye silinda na pistoni, ni ya chuma cha kumimina. Kichwa chake, silinda hedi, ni cha aluminiamu. Katikati yake ndipo inapokaa gasketi, inayotenganisha vitu vitatu visivyotakiwa kukutana: moto wa silinda, maji ya kupoozea na oili. Aluminiamu ikipata joto hutanuka zaidi kuliko chuma. Injini ikichemsha kupita kiasi, hedi inataka kutanuka lakini bolti zimeibana, basi inajipinda. Ukiimwagia maji ya baridi ikiwa katika hali hiyo, upande mmoja unasinyaa ghafla na mwingine bado una moto. Hapo inapinda zaidi, na isipopinda inaweza kupata ufa. Nilitakiwa kusubiri injini ipoe yenyewe, hata kama ingechukua saa nzima na kivuko kingeniacha.

Na kulikuwa na kosa la zamani zaidi. Kwa miaka miwili nilikuwa naweka maji ya ziwa au ya bomba kwenye rejeta, kulanti nikiona ni anasa ya watu wa maofisini. Kulanti haikuwekwa kwa ajili ya rangi. Ina dawa ya kuzuia kutu na kuliwa kwa aluminiamu, na inachelewa kuchemka kuliko maji matupu. Maji matupu yanaacha magamba kwenye njia ndogo za rejeta, joto linashindwa kutoka, na polepole yanakula aluminiamu pembeni ya matundu ya maji. Matokeo yake niliyaona kwa macho yangu baadaye, nitayasimulia.

Wiki iliyofuata dalili zikaanza kujipanga. Maji yalipungua kila siku na sikuona yanapovujia. Asubuhi nikiwasha, moshi mweupe ulitoka kwenye egzosi na haukukoma hata gari lilipopata moto. Nikiwasha injini ikiwa ya baridi, mpira wa juu wa rejeta ulikuwa unakakamaa ndani ya dakika mbili, kama umepulizwa. Siku ya tano nikafungua mfuniko wa oili nikakuta chini yake kuna utando kama chai ya maziwa. Hapo hata mtoto wa gereji angekuambia: gari limeunguza gasketi, maji na oili vimechanganyika. Ukiona utando ule, usiendelee kuendesha hata kwenda sokoni. Oili iliyoingia maji hailindi bering, yaani vile vyuma laini vinavyobeba shafti ya injini inapozunguka, na bering zikifa habari ya gasketi inakuwa ndogo.

Fundi wa kwanza nilimpata kwa kuuliza jambo moja tu: nani atanimalizia haraka? Akasema, "Dada, lete asubuhi, kesho jioni unachukua gari." Kazi 100,000. Gasketi nilinunua ya 25,000, muuzaji akaniapia kwamba ni ileile. Oili 45,000, silikoni 5,000, kuvutwa mpaka gereji 80,000.

Nilikaa naye kama saa moja. Nilimwona anakwangua uso wa hedi kwa bisibisi, halafu akafunga kisahani cha msasa kwenye drili akapitisha juu ya aluminiamu, vumbi likitimka na kuangukia kwenye silinda zilizo wazi. Uso ukang'aa mpaka nikaona kivuli cha mkono wangu. Nikafurahi, nikasema huyu ni msafi. Akapaka silikoni pande zote mbili za gasketi, akarudisha bolti zilezile, akazikaza kwa spana aliyoichomekea bomba refu, akisikilizia kwa mkono. Sikuona rula, sikuona kipimo chochote. Kesho yake jioni nilichukua gari kama alivyoahidi.

Likadumu siku 19. Nilikuwa natoka Magu, sijafika Kisesa, mshale ukapanda tena na moshi mweupe ukajaa nyuma yangu. Safari hii nilizima, nikashuka, nikakaa kwenye kivuli cha mti. Nililia, sitaficha. Nilikuwa nimekopa kwenye kikundi hela ya gasketi ile ya kwanza, na rejesho lilikuwa la Ijumaa.

Gari lilivutwa mpaka kwa mzee mmoja wa Igoma, gereji yake iko chini ya mwembe, wala haina kibao. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza gari limefanyiwa nini na lini. Nikamweleza yote. Hakumlaumu mtu. Jambo la kwanza alilofanya halikuwa kufungua hedi. Alimwaga oili, akatoa filta, akaikata mzunguko kwa msumeno wa chuma na kuitandaza karatasi yake juu ya gazeti. Akaniambia niiguse. Katikati ya mikunjo kulikuwa na tope la kijivu, na nilipolisugua kwa vidole lilikwaruza kama mchanga.

"Huu ni msasa," akasema. "Ulianguka wakati anasugua. Punje zake ni ngumu kuliko bering. Zimekuwa zinazunguka na oili siku zote hizo."

Alilazimika kushusha sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, kuiosha, na kufungua vifuniko viwili vya bering kuangalia. Mikwaruzo ilikuwepo lakini midogo, akasema zitaendelea kufanya kazi. Wengine hawapati bahati hiyo. Kwa hiyo fundi wako akichukua drili na msasa kwa ajili ya hedi au bloki, mwombe kwa heshima asifanye hivyo. Ubaya wa kisahani kile si vumbi peke yake. Kinakula zaidi panapokuwa laini, kinaacha mabonde usiyoyaona kwa macho. Nilipomwambia mzee kwamba uso ulikuwa unang'aa, akanijibu, "Binti yangu, kung'aa siyo kunyooka."

Nikamuuliza gari litakuwa tayari lini. Akasema hawezi kunipa siku, kwa sababu hajui rula itasema nini wala mchongaji ana foleni ya watu wangapi. Moyo uliniuma, lakini nikakubali.

Kufungua kulikwenda haraka, viti vya mbele vikatolewa na kazi ikafanyikia ndani ya gari. Mambo mawili tu nitayataja. Bolti za hedi alizilegeza injini ikiwa imelala usiku kucha, baridi kabisa, akianzia za pembeni kwenda katikati, kwa mizunguko mitatu, kila mzunguko kidogo. Ukifungua moja ikaisha kabla ya nyingine, au ukifungua injini ina moto, hedi inaweza kupinda mikononi mwako. La pili, bolti zote 10 alizichomeka kwenye kipande cha boksi alichokichora mfano wa hedi, ili kila moja ijulikane ilikotoka. Hedi yenyewe ikalazwa juu ya mbao mbili, haikugusa sakafu.

Gasketi ya zamani ilipofunuliwa, niliona kilichotokea. Katikati ya silinda ya 2 na ya 3 kulikuwa na mstari mweusi, moto umepenya hapo. Upande wa nyuma, silikoni ya fundi wa kwanza ilikuwa imesukumwa ndani ya tundu la maji na kuning'inia kama ulimi. Mzee akaivuta kwa kibano akanionyesha. Gasketi ya hedi huwekwa kavu, labda kitabu cha injini yenyewe kiseme vinginevyo kwa sehemu fulani. Silikoni inateleza, inazuia gasketi kukaa, na inayozidi inakwenda kuziba njia za maji na oili.

Sasa nifike kwenye kusafisha, maana hii ndiyo kazi yenyewe. Watu wanafikiri kubadilisha gasketi ni kuweka gasketi. Kuiweka kulichukua dakika zisizozidi tano. Kuandaa nyuso mbili zitakazoibana kulichukua siku tatu.

Kwenye bloki alianza kwa kuziba. Matundu yote ya maji na oili aliyaziba kwa vitambaa. Pistoni akazishusha zote nne zilingane kimo, halafu kwenye ule mwanya mwembamba kati ya pistoni na ukuta wa silinda akapaka grisi kuzunguka kote. Uchafu ukianguka unanaswa na grisi, na mwisho unaifuta yote inatoka pamoja. Juu yake akaweka kitambaa. Kisha akalowesha mabaki ya gasketi kwa thina, akayaacha yalainike huku tunakunywa chai.

Bloki ni chuma, kwa hiyo alitumia wembe mpana, ameulaza karibu bapa kabisa, anausukuma mbele polepole. Ukiusimamisha wembe unachora mistari. Kwa hedi, ambayo ni aluminiamu, hakuruhusu wembe wala bisibisi. Alikata kipande cha ndoo ngumu ya plastiki, akakinoa pembe moja, akawa anakwangulia hicho. Nilimwomba nisaidie, akanipa robo ya uso. Vidole viliniuma, mgongo pia. Mahali pagumu unarudia thina, unasubiri, unakwangua tena. Mchoro mmoja wa ukucha kutoka tundu la maji kwenda kwenye silinda unatosha kupitisha maji, na huo mchoro mara nyingi anauweka mtu mwenye haraka.

Kipimo chake cha usafi kilikuwa kitambaa cheupe. Anakilowesha thina, anafuta, anakigeuza, anaangalia. Kikitoka na kivuli cha rangi, bado. Tuliharibu fulana mbili nyeupe kuukuu kabla kitambaa hakijatoka cheupe kama kilivyoingia.

Halafu matundu ya bolti. Hili fundi wa kwanza hakuligusa, na mzee aliona ndilo hatari kuliko yote. Mengi ya matundu hayo yanaishia ndani, hayatokezi upande wa pili. Hedi ikitolewa, maji na oili vinatiririka humo na kukaa. Ukikaza bolti juu ya maji, maji hayabanwi. Spana inakuambia bolti imekaza kumbe inasukumana na maji, hedi haijabanwa. Mbaya zaidi, nguvu hiyo inaweza kupasua bloki. Mzee alichukua bolti moja ya zamani, akaichana mifereji mitatu kwa msumeno kwenye uzi wake, akawa anaipitisha kila tundu kwa mkono kuondoa masizi. Kisha akaingiza mrija wa kompresa. Tundu la nne lilirusha maji yenye kutu mpaka kwenye kioo cha mbele. Akapuliza tena na tena, akachomeka kijiti kilichofungwa kitambaa, mpaka kijiti kikatoka kikavu. Matundu yote 10.

Ndipo ikaja rula. Ni ya chuma, nene, imenyooka kabisa, anaitunza kwenye mfuko wa turubai. Pamoja nayo ana vile visu vyembamba vya kupimia nafasi, mafundi wanaita fila geji. Alisimamisha rula juu ya hedi kwa ubavu wake, akapima kwa urefu pande zote mbili, akapima kukatisha, akapima pembe kwa pembe. Kwa injini hii ya 3S-FE, uso wa hedi unaokaa kwenye bloki hautakiwi kupinda zaidi ya milimita 0.05, ambao ni wembamba wa unywele au chini yake. Akaniita niiname, akamulika tochi upande wa pili wa rula. Mwanga ulipita chini yake, kati ya silinda ya 2 na ya 3, kama mlango usiofungika vizuri. Kisu cha 0.15 kilipita bila kusukumwa. Bloki ilipimwa vilevile, na yenyewe ilikuwa imenyooka.

Mwanga ule ndio ulinifanya nielewe. Gasketi ya kwanza, hata ingekuwa ya laki tatu, isingeweza kujaza pengo lile.

Na vile vishimo. Pembeni ya matundu ya maji aluminiamu ilikuwa imeliwa kama ubao ulioingiwa na mchwa, hasa kona ya nyuma. Kishimo kimoja kilikuwa kimetambaa mpaka karibu na mahali ambapo pete ya chuma ya gasketi inakaa kuzuia moto. Hapo ndipo maji yangu ya ziwa ya miaka miwili yalipoonekana.

Hedi ilikwenda Nyakato kwa wachongaji. Kabla ya kuichonga waliziba njia zake za maji kwa mipira na bamba, wakasukuma hewa ndani, wakaizamisha kwenye pipa la maji. Nilisimama pale nikitazama kama kuna povu litakalopanda. Halikupanda, hedi haikuwa na ufa. Omba kipimo hiki kabla hujalipia kuchonga. Hedi yenye ufa ukiichonga unapoteza hela mara mbili. Kishimo kibaya kilijazwa kwa kuchomelewa aluminiamu kwanza, kisha ndipo uso mzima ukachongwa. Mzee alikuwa amenituma niwaambie wachonge kile tu kinachohitajika kuunyoosha, na wanipe kipimo cha walichoondoa. Waliondoa milimita 0.2. Hedi ikichongwa sana, mgandamizo unapanda na mkanda wa taiming haukai tena kama ulivyokusudiwa, na siku nyingine ikiunguza tena hutakuwa na nyama ya kuchonga. Tulipoirudisha mzee aliiosha upya, kila tundu, maana chembe za mashine hujificha kwenye njia za oili.

Gasketi mpya nilinunua seti nzima, 130,000, na bolti mpya 10. Bolti za injini hii humaliziwa kukazwa kwa kuzungushwa nyuzi za pembe, yaani digrii, zinavutika kidogo kama chemchemi, na za kwangu zilikuwa zimeshavutwa na lile bomba refu. Gasketi ilikaa kwenye pakiti yake mpaka dakika ya mwisho, bapa. Ikikunjwa mara moja haifai. Mzee aliilinganisha na bloki, tundu kwa tundu. Niliona baadhi ya matundu ya maji kwenye gasketi ni madogo kuliko ya kwenye bloki, nikadhani tumeuziwa isiyo yake. Akanieleza kwamba imekusudiwa hivyo, ndivyo maji yanavyogawanywa ili silinda za mbali nazo zipate. Kuna watu huyapanua kwa mkasi. Usikubali.

Alifuta nyuso zote mbili mara ya mwisho kwa thina, na baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa kwa kidole. Gasketi ikakaa kavu juu ya pini mbili za kuongozea. Hedi ilishushwa na watu wawili moja kwa moja juu ya pini, bila kuiburuza kutafuta mahali. Uzi wa bolti na chini ya vichwa vyake akapaka oili kidogo tu kwa ncha ya kidole.

Kukaza alitumia toki renchi, ile spana yenye kipimo. Alianzia bolti za katikati akienda nje kwa kuzunguka, kwa mizunguko kadhaa, mpaka zote zikafika nyutoni mita 49, ambacho ndicho kipimo cha nguvu ya kukaza. Baada ya hapo unatakiwa kuzungusha kila moja nyuzi 90 zaidi, kwa mpangilio uleule. Akaniuliza kama nina rangi yoyote ya kuwekea alama. Nilikuwa na rangi ya kucha kwenye mkoba, nyekundu. Nikadondoshea tone kwenye kila kichwa cha bolti, upande unaotazama mbele ya gari. Alipomaliza, matone yote 10 yalikuwa yametazama ubavuni, yamejipanga. Hakuna lililobaki nyuma. Vipimo hivi ni vya 3S-FE. Injini nyingine ina vyake, na za dizeli nyingi hata unene wa gasketi huchaguliwa kwa kupima pistoni inavyochomoza. Muulize fundi vya injini yako amevitoa wapi. Na kabla hamjapatana bei, muulize kama ana toki renchi na rula. Kama hana lakini anajua pa kuazima, sawa. Akikuambia mkono wake unatosha, mshukuru na uende kwingine.

Rejeta ilisafishwa, thamostati, yaani kile kidude kinachoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, ikawekwa mpya. Tulijaza kulanti iliyokwisha kuchanganywa, pua ya gari imeinuliwa kwenye kilima kidogo, hita ya mbele na ya nyuma zikiwa wazi kwenye moto ili hewa itoke. Noah ina mabomba marefu ya maji, hewa ikibaki humo gari linachemsha upya siku ya kwanza. Oili ya kwanza ilikuwa ya kusafishia tu, nusu saa ikamwagwa pamoja na filta, ikaingia nyingine.

Hesabu ya mara ya pili ni hii: seti ya gasketi 130,000, bolti 70,000, kupima na kuchonga hedi 60,000, kuchomelea 30,000, kulanti 40,000, oili mara mbili 90,000, filta mbili 20,000, thamostati 25,000, kusafisha rejeta 30,000, ufundi 200,000. Jumla 695,000, na siku 11 gari limelala. Kikundi nilikwenda kuongea nao mapema, kabla ya siku ya rejesho, wakanisogezea wiki mbili. Ningenyamaza wangekuja kuchukua friji.

Mzee alinipa masharti: kila asubuhi kabla ya kuwasha niangalie maji na oili, na kwa wiki mbili nisipakie zaidi ya nusu ya mzigo. Niliyafuata yote. Kuangalia maji sijaacha mpaka leo.

Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Ile foleni haipo tena, kilomita kama 3 unazimaliza ukiwa bado unaongea na abiria wako. Jumamosi iliyopita nilivuka na mzigo kamili saa nane mchana, jua kama la siku ile. Upande wa Busisi nikasimama, nikazima, nikasubiri. Maji kwenye chupa yake yalikuwa palepale penye alama, na mfuniko wa oili ulikuwa mkavu, safi. Nikaweka kiganja juu ya kiti cha dereva. Kilikuwa na uvuguvugu wake wa kawaida.